Amenitumia nauli niende Nakuru: je, niende?

"Salamu, mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 37, naishi Kisumu na binti yangu wa miaka tisa. Niliachana na babake mwaka 2019 na tangu hapo sijapata mtu. Shuleni wenzangu wote wana ndoa zao, kanisani ni vivyo hivyo. Mwaka jana mwalimu mwenzangu alinionyesha hizi programu za kutafuta wachumba kwa simu, nikajisajili kwa tatu. Nimechoshwa na wanaoanza kwa kuomba picha za utupu. Waliodumu ni wawili tu. Wa kwanza ni Mwingereza, mhandisi wa meli. Anasema amenitumia zawadi lakini mzigo umekwama uwanja wa ndege Nairobi, na wakala anataka shilingi 18,500 ili uachiliwe. Wa pili yuko Nakuru, anasema ni meneja wa duka la vifaa vya ujenzi. Tumeongea wiki saba na hunipigia kila usiku. Jumatatu alinitumia 2,500 za nauli niende wikendi hii, na ameshalipia Airbnb, yaani nyumba ya kukodi kwa siku chache. Dada yangu anasema mwanamke mwenye heshima hatafuti mume kwa simu, nifute kila kitu. Je, nifute? Nisipofuta, nichague programu gani na niitumie vipi? Na Nakuru, niende?"

Mwalimu, nianze na yasiyoweza kungoja wikendi. Hizo 18,500 usitume. Kwenye hiyo Airbnb usiende. Programu nazo usizifute zote. Sasa nikueleze kwa nini, maana mambo haya matatu hayana uzito mmoja, na sitaki huyo wa Nakuru umtie kapu moja na huyo wa meli.

Dadako anakupenda na hofu yake ni ya kweli, ila ameielekeza mahali pasipo. Kutafutiwa au kutafuta mchumba kupitia mtu wa kati si jambo lililoletwa na simu. Kwa Wajaluo alikuwepo jagam, Pwani mshenga, na kwingi alikuwa shangazi tu. Huyo mtu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwakutanisha watu ambao wasingekutana. Ya pili, iliyokuwa nzito zaidi, ilikuwa kuulizia: huyu ni wa ukoo gani, asije akawa ndugu yetu, ana deni, ana hasira, mke wa kwanza aliondoka kwa nini, kule kwao wanaishije na majirani. Programu ya simu imechukua kazi ya kwanza na kuifanya vizuri sana, kisha ya pili imeiacha chini bila mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aibu katika kutafuta. Hatari iko katika ile kazi ya kuulizia, ambayo sasa haina wa kuifanya. Mtu wa kwanza ambaye ningempa kazi hiyo ni dadako huyo huyo. Mwambie kila unayezungumza naye ni nani, mwonyeshe picha, mpe nambari. Anayesema ufute kila kitu huwa anasema hivyo kwa kuwa hajui lolote linaloendelea.

Twende kwa huyo wa meli. Mhandisi huyo hayupo. Yuko mtu anayeandika, pengine watu kadhaa wanaopokezana simu, lakini mhandisi mwenye zawadi hayupo. Mzigo wa kweli kutoka ng'ambo huja na nambari ya kuufuatilia ambayo wewe mwenyewe unaiangalia kwenye tovuti ya kampuni iliyousafirisha. Ushuru ukihitajika, unakadiriwa na KRA, mamlaka ya kodi, na malipo ya serikali hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Paybill 222222. Hayaingii kwenye simu ya wakala. Ukitaka kuona mwenyewe, anza kutuma pesa kwa nambari aliyokupa, usome jina ambalo M-Pesa inakuonyesha kabla ya kuthibitisha, kisha ukatize. Mara nyingi ni jina la mtu wa kawaida asiyehusika na uwanja wa ndege wowote.

Nikuambie pia kitakachofuata ukilipa, kwa sababu hadithi hii ina mpangilio unaojulikana. Utaambiwa mzigo umepitishwa kwenye mashine na zimeonekana dola ndani, kwa hiyo kinatakiwa cheti. Cheti kitakuwa na bei kubwa kuliko 18,500. Ukisita, wakala atageuka mkali na kusema jina lako liko kwenye mzigo, utakamatwa. Hutakamatwa. Nguvu ya mtego huu ni kwamba kila malipo mapya unayafanya ili usipoteze yale ya nyuma, na ndiyo maana watu wenye akili timamu, walimu, wauguzi, wahasibu, hujikuta wamefika laki mbili. Ndugu wa hadithi hii ni ile ya yule mwanajeshi wa Marekani anayeomba pesa ili apewe likizo, ilhali jeshi la Marekani lenyewe hueleza wazi kwamba askari halipii likizo yake. Ndugu mwingine, mpya zaidi, haombi kitu kabisa: anakufundisha kuwekeza kwenye sarafu za kidijitali, anakuacha utoe faida ndogo mara moja au mbili, kisha akaunti inafungwa na pesa zako zote ndani.

Huenda unajiuliza mbona basi maneno ya mtu asiyekuwepo yalikugusa. Hilo nalieleza kwa kila anayekuja ofisini, kwa sababu wengi hudhani wao ni wajinga. Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, Joseph Walther, alieleza kwamba watu wanaojuana kwa maandishi wanaweza kuhisi ukaribu unaozidi ule wa kuonana ana kwa ana. Anayeandika ana nafasi ya kuchagua cha kuonyesha na kukirekebisha kabla ya kukituma. Anayesoma hupata vipande tu, na mapengo anayajaza mwenyewe, kwa kawaida kwa kile alichokitamani. Kisha anajibu kwa upole uleule, na mwenzake naye anazidi kuwa mpole. Sasa sikiliza: jambo hili hutokea hata kama wote wawili ni waaminifu. Tapeli hakulibuni, anapanda juu yake tu.

Hapo ndipo tunafika Nakuru. Wiki saba za simu kila usiku zimekufanya uhisi unamjua. Unachokijua ni sauti yake ya saa nne usiku, amekula, ametulia, na anataka kupendwa. Hujui anavyomsemesha mhudumu wa hoteli aliyechelewesha chai. Watu wengi huamini kwamba kuongea muda mrefu kabla ya kuonana ni tahadhari. Mimi naona kinyume chake. Wiki mbili au tatu za mazungumzo zinatosha, kisha watu waonane mchana, mahali penye watu, kwa saa moja. Ukikaa miezi kabla ya kuonana, unakuja kukutana na mtu uliyemjenga kichwani, na ni vigumu sana kumwacha huyo hata aliye mbele yako akiwa tofauti.

Simhukumu huyu mtu. Kazi aliyokutajia ni ya kawaida, tena inaweza kuulizwa, na hilo ni jema. Lakini mpango wake wa kukutana kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba iliyokodishwa, usiku, katika mji ambao huna wako, ningeukataa hata kama angeuleta mchungaji. Nyumba hizo hazina mapokezi, hazina jirani anayejua nani ameingia, na funguo ziko kwake. Unakumbuka Januari 2024, wanawake walipouawa katika nyumba za aina hiyo Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo maelfu wakaandamana huko na katika miji mingine wakidai mauaji ya wanawake yakome. Mwenye hatia ni muuaji, si mwanamke aliyefungua mlango. Hata hivyo nataka wewe uwe na mlango wa kutokea.

Kuhusu hizo 2,500. Kule mitandaoni watu hucheka habari za "kula nauli", lakini nauli ina kazi yake kwa pande zote mbili. Wanaume wengi wamelizwa na watu waliopokea nauli na kuzima simu, kwa hiyo anayetuma anahisi amenunua uhakika. Anayepokea naye anahisi ana deni, na deni hilo linakuja kudaiwa mahali pabaya, usiku, kwa maneno kama "nimegharamika". Mrudishie leo, zote. Usizikate kwa ajili ya usumbufu. Mwandikie kitu kifupi: "Asante kwa nauli. Nimekurudishia kwa sababu mara ya kwanza napenda tukutane mchana, mjini. Jumamosi ijayo nina nafasi saa sita hapa Kisumu, au tukutane Kericho, iko katikati." Usiongeze maelezo marefu. Akisema sawa, au akisema hiyo siku ana kazi tupange nyingine, mazungumzo yanaendelea. Akikasirika, akikuambia humwamini, akiguna kuhusu pesa ya Airbnb, umeokoa wikendi yako.

Kabla ya siku hiyo, fanyeni simu ya video kama hamjafanya. Siku hizi sura inaweza kubandikwa juu ya sura nyingine, kwa hiyo mwombe ageuze uso pembeni kabisa, apitishe mkono mbele ya pua. Sura bandia nyingi huvurugika hapo. Pitisha pia picha zake kwenye utafutaji wa picha wa Google, uone kama ziko na jina jingine. Halafu duka. Walimu mna mtandao mpana kuliko kazi nyingi nchini. Hukosi mmoja mliyesoma naye chuoni ambaye sasa anafundisha Nakuru. Mwombe apite hapo dukani anunue kilo ya misumari na aulize meneja ni nani. Wengine huona huo ni upelelezi. Mimi naona ndiyo ile kazi ya jagam, na wewe mwambie mwanamume huyo akuulizie pia, mpe jina la shule yenu mkishaonana. Angekuwa wakili ungemtafuta kwenye orodha ya LSK, chama cha mawakili, daktari kwenye orodha ya baraza la madaktari. Meneja wa duka hupatikana dukani.

Utaniuliza kama ana mke. Karatasi haitakusaidia sana hapo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe, lakini nyingi bado hazijasajiliwa, na mtu anaweza kuwa na mke na watoto kijijini bila jina lake kuwa kwenye sajili yoyote. Zingatia saa. Anayekupigia kila usiku, je, anapokea ukimpigia Jumapili alasiri bila kumwarifu? Je, umewahi kusikia sauti ya ndugu yake, rafiki yake, mtu yeyote? Muulize moja kwa moja, kwa sauti, si kwa ujumbe.

Siku ya kuonana, ningependelea aje Kisumu, kwa sababu una mtoto wa kurudi kwake. Chagua mkahawa ndani ya West End Mall au United Mall, mchana. Najua watu hupenda Dunga kwa ajili ya samaki na ziwa, lakini iacheni kwa mara ya tatu. Jua likizama huko unabaki unategemea boda boda au gari la huyo huyo mtu. Nenda na nauli yako ya kurudi. WhatsApp inakuruhusu kumshirikisha dadako mahali ulipo moja kwa moja kwa muda wa hadi saa nane. Iwashe kabla hujatoka nyumbani. Kubalianeni akupigie baada ya nusu saa, na muwe na neno moja litakalomaanisha aje. Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako, na ukienda msalani agiza kingine ukirudi. Habari za kuwekewa "mchele", yaani dawa ya kulewesha, tunazisikia zaidi kwa wanaume waliolala baa wakaamka bila simu wala pesa, lakini dawa haichagui. Simu yako isibaki mezani. Nyumbani asikupeleke, wala asijue mtaa, hadi mtakapokuwa mmeonana mara kadhaa na dadako amemwona.

Sasa programu. Tatu ni nyingi kwa mtu mwenye kazi na mtoto. Bakiza moja, si zaidi ya mbili. Usichague kwa sifa za Nairobi. Programu inayojaa watu Nairobi inaweza kukuonyesha Kisumu nyuso zilezile baada ya wiki moja, na hapo utalazimika kupanua umbali hadi Eldoret, Kakamega, Kericho na Nakuru, na umbali una gharama yake kama unavyoona. Tinder, Badoo na Bumble zote zina njia ya kuthibitisha picha. Alama hiyo ni nzuri, lakini ielewe: inasema sura iliyo kwenye kamera inafanana na picha zilizowekwa. Haisemi jina ni la kweli, wala kazi, wala kwamba hana mke. Angalia kama ni rahisi kumzuia mtu na kumripoti. Usilipe usajili wa miezi sita kabla hujatumia huduma ya bure kwa mwezi, na ukilipa, zima ule mpango wa kujilipisha wenyewe kila mwezi. Makundi ya Telegram na WhatsApp ambako msimamizi anadai ada ya "kukuunganisha", hasa yale yanayoahidi matajiri, toka mara moja. Kule ada ndiyo biashara yenyewe.

Maelezo yako yawe mafupi na ya kweli. Sema unatafuta ndoa kama ndoa ndiyo unayotafuta. Utapunguza wengi, na hao ndio unaotaka wapungue. Picha moja ya uso, nyingine ya mwili mzima ukiwa umevaa kawaida, ambazo hujaziweka Facebook, ili mtu asizitumie kukutafuta. Usitaje shule. Endelea kuongea ndani ya programu kwa muda kabla ya kutoa nambari ya simu, kwa sababu hapa kwetu nambari ni kitambulisho: anayeanza kukutumia pesa anaona jina ulilosajili.

Na binti yako. Hapa naomba unisikilize kuliko kote. Unaweza kusema una mtoto, ni haki yake asifichwe. Lakini picha yake isionekane popote kwenye akaunti hiyo, wala sare yake, wala jina, wala shule. Wapo wanaume wanaotafuta mama wasio na waume kwa sababu ya watoto. Anayeuliza habari za msichana wa miaka tisa kuliko anavyokuuliza zako, analala wapi, nani hubaki naye, mzuie bila kujieleza. Hata aliye mwema, asikutane naye miezi ya mwanzo.

Wanaoomba picha za utupu usiwajibu, wazuie tu. Kama uliwahi kutuma na mtu anakutishia, usilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Hifadhi ujumbe wote kwa picha za skrini kabla hujamzuia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Huduma ya bure ya StopNCII.org nayo hutengeneza alama ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako, na mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok hutumia alama hiyo kuizuia isipandishwe.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Mtu akikulazimisha au akikushambulia, wewe au yeyote unayemjua, nenda hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na hospitali kuu ya kaunti kule Nakuru pia. Simu ya bure ni 1195, usiku na mchana. Polisini omba dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio.

Kama ulishamtumia huyo wa meli chochote kabla ya kuniandikia, sambaza ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom leo hii ujaribu kurudishiwa. Uwezekano ni mdogo ikiwa pesa zimeshatolewa, lakini jaribu. Nambari yenyewe iripoti kwa 333, kisha piga simu ya bure ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203. Halafu tafuta mshauri wa ana kwa ana, hata kama ni kiasi kidogo ulichopoteza, ikiwa unajikuta hulali, au unaendelea kumwandikia huku ukijua hayupo. Hilo la pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, na halitibiwi kwa kukemewa. Njoo na dadako ukipenda. Nina maneno mawili ya kumwambia yeye pia.